Pamba ndani ya boma

Bandugu na badada, wiki hii ni zamu yangu ya kuandika, na najua wengi mulikuwa munangojea niongelee mihogo ao mbolea. Mutanisamehe. Nitaanza na pamba, lakini hatutakawia shambani, tutaingia ku bloku, mahali wanapasulia watu.

Ku fakilte ya agronomia pamba tuliisoma kwa jina lake la Kilatini: Gossypium. Gossypium hirsutum njo ile inalimwa zaidi duniani. Jina hilo niliandika mara nyingi ku mitihani, nikafaulu, nikalisahau. Likanirudilia mwaka 2019 mahali sikulitazamia hata kidogo, kwenye karatasi ya hospitali ya mama mudogo wangu. Munganga alikuwa ameandika kwa Kifaransa «textilome», na pembeni, kwa mukono, «gossypiboma». Mama mudogo alinipa ile karatasi akaniambia: «We njo ulisoma. Uniambie hii ni ugonjwa gani.»

Niliangalia. Nikaona Gossypium, nikaona boma. Pamba na boma. Nikafikiri munganga alikuwa anatuchezea. Kumbe hapana, ni jina la kweli, liko mu vitabu vya waganga wa dunia nzima, na nusu yake ni Kiswahili.

Nieleze kwanza kilichotokea.

Mwaka 2017 mama mudogo alizaa mutoto wake wa nne kwa sezariene. Ilikuwa usiku, mutoto alikuwa amekaa vibaya, damu ilitoka nyingi, kuran ikakatika katikati, wakangojea jenereta iwake. Mutoto akatoka muzima, tukamushukuru Mungu. Mama akabaki ku hospitali wiki tatu: mbili juu ya kidonda, moja juu ya fakture. Jina la hospitali sitalitaja, na sababu mutaiona mbele.

Alipofika nyumbani, tumbo halikutulia. Maumivu upande wa kushoto, homa inakuja inaenda, chakula kinamukataa. Akakonda. Baada ya miezi sita ukimugusa tumbo unasikia kitu kigumu kama ngumi ya mutoto. Ku santre ya afya wakamupa dawa ya minyoo, kisha ya tifoide, kisha ya tifoide tena. Ekografi moja ikasema ni fibrome.

Na mu avenue wakasema karuho. Kwa wale munasoma toka Kinshasa ao Lubumbashi: karuho ni sumu ya polepole. Huku Kivu watu wanaamini jirani anaweza kukutilia hiyo mu chakula ao mu pombe, ikukule ndani miezi na miezi mupaka unaisha. Basi wakatafuta nani alimupa chakula wakati alitoka kuzaa. Wakamupata, mujane moja, muuza makala, ambaye alikuwa amemuletea uji wa mutama siku ya pili aliporudi nyumbani. Mama mudogo akapelekwa kwa mutu anayetapisha karuho. Akatapika siku mbili, na yule mutu akaonyesha kitu mu beseni, akasema: «Njo hii.» Vijana wakarusha mawe juu ya manjanja ya yule mujane. Mara ya kwanza usiku, mara ya pili mchana. Mara ya tatu akafunga vitu vyake, akarudi kwao kijijini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa iniversite, najua kufanya analize ya udongo, na sikusema neno. Ukweli ni kwamba nilikuwa naamini nusu.

Mwaka 2019 hospitali ingine ikamupasua. Munganga akatoka na beseni, akatuita, mimi na bwana wake. Ndani kulikuwa kitambaa. Kompresi kubwa, ile wanatumia kuzuia matumbo na kukausha damu, imekunjamana, rangi ya udongo, imezungukwa na kitu kama ganda. Ilikuwa imekaa ndani miezi 22.

Tangu siku ile nikaanza kusoma. Ni hayo nataka kuwagawia.

Turudi ku jina. Mwaka 1978 jarida la Radiology la Marekani lilitoa makala ambayo kichwa chake kilibeba neno gossypiboma, na tangu hapo waganga wengi wamelitumia. Karibu kila mara wanalieleza vile: gossypium ni pamba kwa Kilatini, boma ni «mahali pa kuficha» kwa Kiswahili. Hapo mimi nakataa. Nani kati yetu alificha kitu mu boma? Boma ni uzio, ni ngome, ni miti imesimamishwa kuzunguka ng'ombe ao nyumba ya mukubwa. Boma linaonekana toka mbali, linajengwa juu lionekane. Huku kwetu tunasema zaidi lupango, na lupango hailali kisirisiri. Tena waganga wana mwisho wao wa Kigiriki, -oma, wanaotia kwa uvimbe: fibroma, lipoma, granuloma. Tekstiloma ni «uvimbe wa kitambaa», basi. Naona masikio yao yaliliona -oma na boma kwa pamoja, wakafurahi.

Lakini, na hii ndiyo inanishangaza, jina walilolikosea maana limepata ukweli kwa njia ingine. Mwili njo unajenga boma.

Angalieni. Uzi wa pamba safi ni selulozi, zaidi ya asilimia 90. Ng'ombe anakula selulozi juu mu tumbo lake la kwanza munaishi bakteria wa kuivunja. Sisi watu hatuna njia hiyo. Kitambaa cha pamba kikibaki katikati ya matumbo, mwili hauwezi kukimeza. Kuna mambo mawili yanaweza kutokea. Kama kitambaa kimeingia na mikrobi, mwili unapigana: usaha, homa, jipu, na mugonjwa anarudi ku hospitali katika siku ao wiki. Huyo ana bahati kidogo, juu wataangalia haraka. Kama hakuna mikrobi nyingi, mwili unafanya kazi ya pole: unaleta seli, unaleta nyuzi ngumu, unazungushia kile kitambaa ukuta. Hapo mutu anaweza kutembea nacho miezi, miaka, hata miaka makumi. Wakati mwingine ukuta unatoboka, kitambaa kinaingia mu utumbo, kinaufunga. Wale wa mifugo munajua kitu kinachofanana: ng'ombe anameza waya mu majani, waya inatoboa tumbo la pili, mwili unajenga ukuta kuizunguka, na mwenye ng'ombe anaona tu munyama anakonda bila sababu. Huko kwetu kijijini na ng'ombe pia anasemewa uchawi.

Sasa, mambo haya yalianza lini? Hayawezi kuwa ya kale sana, juu zamani tumbo halikufunguliwa. Kupasua tumbo la mutu muzima kulikuwa sawa na kumuua. Wanakumbuka sana Ephraim McDowell wa Danville, Kentucky, ambaye mwezi wa 12 mwaka 1809 alitoa uvimbe wa ovari wa kilo karibu 10 kwa mama mumoja, Jane Crawford, bila dawa ya kulaza, ku meza ya nyumbani kwake. Mama alipona. Lakini huyo alikuwa mumoja. Kisha mwaka 1846, Boston, William Morton akaonyesha mbele ya waganga kwamba mutu akivuta eta analala na hasikii kisu. Na mwaka 1867 Joseph Lister, aliyefanya kazi yake Glasgow, akaandika juu ya asidi ya kaboliki inayozuia kidonda kuoza. Maumivu yamepata dawa, usaha umepata dawa, basi mulango wa tumbo ukafunguka.

Na mulango ukifunguka, vitu vinaingia. Kufunga mishipa kunahitaji pensi nyingi. Kukausha damu kunahitaji kitu cha kunyonya. Mwanzoni walitumia sifongo za kweli za bahari, ile munyama wa chini ya maji, walizoziosha na kuzirudilia. Kisha, mwisho wa karne ya 19, pamba na gozi vikachukua nafasi. Hapa muniachie niongee kama agronome: pamba ikitoka shambani hainyonyi maji. Iko na nta juu ya uzi. Lazima uichemshe na soda uitoe nta, njo inakuwa ile pamba ya famasi inayokunywa maji papo hapo. Kazi hiyo ya kiwanda ndiyo iliyoiingiza pamba ku bloku. Kitu cha bei ndogo, cheupe, kinachokunywa damu vizuri sana. Shida ni hiyo pia. Kikisha kunywa damu kinakuwa chekundu, laini, kinafanana na nyama yenyewe. Kisu kikibaki mu tumbo utakihisi kwa kidole. Kompresi imelowa damu, imejikunja nyuma ya utumbo, ni kama sehemu ya mutu.

Mwaka 1884, hata miaka 40 haijapita tangu eta ya Boston, daktari Wilson wa Marekani aliandika juu ya vitu vilivyosahauliwa mu tumbo baada ya kupasua. Njo andiko ambalo wengi wanalihesabu kuwa la kwanza. Mwaka 1940, Harry Crossen wa St. Louis na David Crossen walitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo moja. Kitabu kizima! Crossen mukubwa alikuwa amependekeza tangu mwanzo wa karne kwamba vipande vidogo viachwe kabisa, mupasuaji atumie utepe mumoja murefu wa gozi unaotoka mu mufuko, mwisho wake uko nje siku zote: ukiuvuta wote unatoka. Ni wazo la mukulima anayefunga mbuzi kwa kamba kuliko kumuhesabu kila jioni. Halikuenea. Wapasuaji walipenda vipande vyao.

Lipo jambo lingine la miaka ile ile linaloniuma, nitalisema haraka. Wakati pamba inaingia ku bloku za Ulaya na Marekani, huku kwetu pamba ilikuwa kazi ya lazima. Edmond Leplae, mukubwa wa kilimo wa Kongo ya Wabelgiji, ndiye aliyesukuma sheria ya 1917: siku 60 kwa mwaka za kilimo cha kulazimishwa, Maniema, Uele na kwingineko. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikapanda mupaka 120. Babu yangu alilima pamba ku tambarare ya Ruzizi, na alichokumbuka zaidi ni mizani. Kila kilo iliandikwa. Ukikosa kilo, unaitwa. Nikiona kompresi ya mama mudogo, namukumbuka babu na ile mizani.

Basi nani mukosaji? Waingereza na Wamarekani waliipeleka hiyo shida kwa majaji mapema. Walikuwa na chombo chao, maneno matatu ya Kilatini: res ipsa loquitur, «jambo lenyewe linasema». Yalikuja mu kesi ya mwaka 1863: mutu anapita barabarani Liverpool, pipa la unga linamuangukia toka dirisha la depo. Hakuhitaji kuonyesha nani hasa aliliachilia. Mapipa ya unga hayaanguki yenyewe. Na kitambaa mu tumbo? Hakikuingia chenyewe.

Inaonekana rahisi. Mwaka 1939 ilifika mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, kesi Mahon dhidi ya Osborne. Kijana alipasuliwa kwa haraka, tumbo lake lilikuwa limetoboka kwa kidonda cha ndani. Kitambaa kikabaki. Wakamupasua tena, akakufa. Mama yake akashitaki. Munganga alikuwa ameuliza vitambaa kabla ya kufunga, na muuguzi alikuwa amemujibu kwamba hesabu iko sawa. Majaji watatu hawakusikilizana. Mahakama iliamuru kesi isikilizwe upya: operation ya haraka, mugonjwa hali mbaya, huwezi kusema moja kwa moja kwamba munganga alizembea. Jaji Goddard akakataa. Kwake munganga ndiye anaweka kitambaa, kwa hiyo kukitoa ni kazi yake, hawezi kumusukumia muuguzi.

Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi, na nabadilisha mawazo kila mara. Siku ya beseni nilikuwa Goddard mutupu. Leo sina hakika. Juu mwaka 2003 Atul Gawande na wenzake walitoa utafiti mu New England Journal of Medicine ambao unaharibu hasira yetu nzuri. Walichukua madai yaliyofika kwa kampuni ya bima ya Massachusetts kati ya 1985 na 2001. Wagonjwa 54, vitu 61 vilivyosahauliwa. Asilimia 69 vilikuwa vitambaa, vingine ni pensi na vyuma. Wakawalinganisha na wagonjwa 235 waliopasuliwa operation ya aina ile ile bila kusahauliwa kitu. Wakauliza: tofauti ni nini? Jibu halikuwa munganga mubaya. Operation ya haraka iliongeza hatari karibu mara 9. Operation iliyobadilika katikati, waliingia kwa jambo moja wakakuta lingine, karibu mara 4. Na mwili munene nao uliongeza. Haraka, mabadiliko, mahali pengi pa kitambaa kujificha.

Halafu kuna tarakimu nyingine, ile iliyonikosesha usingizi. Kati ya wale waliohesabiwa vitambaa, asilimia 88 hesabu ya mwisho ilisemwa iko sawa. Iko sawa, na kitambaa kiko ndani. Wa Mayo Clinic walipotoa yao mwaka 2008, kwa kesi 34 za kwao, waliona hali hiyo hiyo: zaidi ya nusu hesabu ilikuwa imesemwa sawa. Kwao ilikuwa kama mara moja kwa operation 5,500.

Namna gani hesabu inakuwa sawa na si sawa? Nilienda kumuuliza muuguzi wa bloku, mutu wa miaka mingi ku kazi, hapa mujini. Alicheka, akachukua karanga zangu za mezani. «Hii pake ni kompresi kumi, sindiyo? Nani alikuambia ni kumi? Ile imeandikwa. Sasa yule aliyeikunja alikuwa anasinzia, akatia kumi na moja. Wewe unaandika kumi. Mwisho unapata kumi mu beseni. Unasema: docta, iko sawa, funga.» Akabakiza karanga moja mu kiganja, akaila.

Alinieleza namna wanavyofanya. Ulaya kompresi zinatoka kiwandani, zimefungwa tano-tano ao kumi-kumi, na ndani ya kila moja kuna uzi wenye barium, unaoonekana ku radio. Uzi huo uliingia katikati ya karne ya 20: kama hesabu imekosa, unapiga radio kabla mugonjwa hajaamka, unaona kamusitari keupe. Huku, ku hospitali nyingi, gozi inakuja kwa roli. Wauguzi wanaikata, wanaikunja jioni wakiongea mambo ya nyumbani, wanaitia mu sanduku la chuma, wanaipika. Hakuna uzi. Kitambaa hicho ku radio hakionekani kama kitambaa, na ku ekografi kinaweza kuonekana kama fibrome, kama ilivyokuwa kwa mama mudogo. «Njo maana mimi nahesabu wakati wa kukunja, wakati wa kufungua, wakati wa kufunga. Na nahesabu kwa sauti. Docta mwingine anakasirika, anasema unamupotezea wakati. Akasirike.»

Hiyo «kwa sauti» ina historia yake pia. Mwaka 1976 chama cha wauguzi wa bloku wa Marekani kilitoa kanuni za kuhesabu vitambaa, sindano na vyuma. Kabla ya hapo kila hospitali ilikuwa na desturi yake. Mwaka 2008 OMS ikatoa orodha ya mambo 19 ya kusoma kwa sauti ku bloku: kabla ya kumulaza mugonjwa, kabla ya kukata, na kabla hajatoka. Mu sehemu ya mwisho muuguzi anasema mbele ya wote kwamba vitambaa, vyuma na sindano vimetimia. Waliijaribu mu miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara ya Tanzania. Ndiyo, Ifakara, mu bonde la Kilombero, nchi ya muchele. Vifo vikashuka toka asilimia 1.5 mupaka 0.8, na magumu ya baada ya operation toka 11 mupaka 7.

Wale munaopenda statistiki musikimbilie kushangilia. Mwaka 2014 watu wa Ontario, Kanada, waliangalia hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kama hiyo, na hawakuona tofauti ya maana. Namna gani? Wengine wanasema muda wa kuangalia ulikuwa mufupi. Mimi nina mawazo ya mutu aliyefanya staji ku biro za serikali: karatasi ya kutia alama inaweza kujazwa na mutu amekaa mulangoni anakunywa chai. Kuhesabu hakujazwi hivyo. Na mu ile orodha jambo la kwanza la kabla ya kukata ni kila mutu kusema jina lake na kazi yake. Watu wa Ulaya wengine walicheka. Lakini muuguzi kijana aliyekwisha kusema jina lake mbele ya docta mukubwa, huyo kidogo anaweza kusema pia: «Docta, musifunge, moja inakosa.» Mu bloku zetu, ambamo docta ni mufalme, hapo njo naona kazi iko.

Sasa sheria yetu. Bajuriste wa page hii watanisahihisha. Kitabu cha tatu cha Code civil, amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold: kifungu 258 kinasema, kwa ufupi, kwamba mutu akimuharibia mwenzake kwa kosa lake anapaswa kulipa. Kifungu 260 kinaongeza wale unaowajibikia, kama wafanyakazi wako. Karibu miaka 140 vimesimama pale. Bwana ya mama mudogo alitaka kushitaki. Avoka akamuuliza swali moja: «Dosie ya 2017 iko wapi?» Akaenda kuiomba. Wakamuambia armware zilihamishwa, arudi wiki ijayo. Akarudi wiki ijayo. Akarudi mwezi ujao. Safari ya tano muuguzi mumoja akamuongelesha pembeni: usiku ule walikuwa watatu tu, wawili walikuwa ku mugonjwa mwingine, na mukono uliokuwa unahesabu njo huo huo uliokuwa unashika taa ya simu. Karatasi hakumupa. Hapo njo sababu sitaji jina: sina dosie, nina maneno ya pembeni, na watatu wale bado wanafanya kazi.

Munganga wa operation ya pili aliniambia jambo lingine nililoliweka moyoni. Alisema hospitali nyingi zikitoa kompresi ya wengine, zinaandika ku karatasi «masse abdominale», uvimbe wa tumbo, basi. Wanalinda wenzao. Yeye aliandika textilome juu mama aliuliza. Donc ile karatasi ni moja kati ya chache.

Mama mudogo aliitia mu plastiki. Anaitunza pamoja na karatasi za ubatizo. Mwaka jana, mwezi wa nane, alinituma. Alinipa fotokopi ya ile karatasi, kilo tano za sukari na kitenge, akasema: «Uende kwa yule mama. Umusomee. Umusomee kwa Kiswahili.» Vijana wa mawe mumoja leo ni motari, njo aliyenibeba mupaka kituo cha basi. Hakuongea njia nzima, mimi pia.

Nilimukuta anapalilia maharagi. Amezeeka. Nilimuamkia, nikamueleza nani amenituma, nikatoa karatasi. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimusomea pole pole, nikatafsiri. Nilipofika ku kitambaa akanisimamisha, akauliza kilikuwa na ukubwa gani. Nikamuonyesha kwa mikono. Akaangalia mikono yangu muda murefu.

«Na mutoto?» akauliza.

Nikamuambia iko salama, iko mu mwaka wa pili ya masomo, ni musichana.

«Ni muule nilikuwa naletea mama yake uji, ili apate maziwa.»

Nikasema ndiyo, ni huyo. Nikamuuliza kama atakubali kurudi, hata kutembea tu, kusalimia. Akanijibu kwamba kipande chake cha avenue alikiuza akiwa njiani kuondoka, kwa bei ya yule aliyekuwa anakimbia, na kwamba maharagi hayangoji. Kitenge akakipokea. Sukari akaigawanya pale pale, nusu akanirudishia nimupelekee mutoto.